Mkono Mmoja wa Sweta

Nilipeleka sweta la marehemu mama kwa wenzake wa Makorora, wanawake wanaofuma barazani kila alasiri. Lilikuwa la mtoto, la buluu, na mkono mmoja ulibakiza upana wa vidole viwili tu kukamilika. Nilitaka wanifundishe kuumalizia nimvike mjukuu wangu anayehamia Lushoto kwenye baridi. Kwa joto la Tanga, hata kulipakata ilikuwa adhabu.

Hawakunifundisha kitu. Walikuwa na lugha yao. Kazi isiyokwisha waliiita mchumba, kwa kuwa ahadi nyingi, ndoa hakuna. Kosa lililonasa katikati ni mpangaji, maana kumtoa ni kesi. Nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi, kumbe sikuambulia kitu. Kisha mmoja akaugeuzageuza ule mkono, akasema umekwenda upande, bora urudi Pemba.

Nikauliza kwa nini Pemba. Wakacheka, wakatazamana, wakaendelea kufuma. Nikakasirika. Sipendi watu wacheke jambo la mama yangu mbele yangu nami silijui.

Mkubwa wao, ambaye kwa kuchanganyikiwa nilikuwa nimemwamkia shikamoo mara mbili, ndiye aliyenieleza. Kila alipogombana na baba, mama alikuja pale akaapa kwamba sweta hili likiisha atanivika, atanibeba, atarudi kwao Pemba. Akafuma kwa hasira siku mbili tatu. Mkono ukikaribia kwisha, anaufumua wote, anaanza upya. Wenzake wakamtania kwamba leo tena amerudi Pemba. Tangu hapo, yeyote anayefumua kazi yake husemwa hivyo.

Nilichanganyikiwa zaidi. Sikumbuki ugomvi hata mmoja nyumbani kwetu. Namkumbuka mama akikuna nazi huku anaimba. Lakini uzi wa ule mkono ulikuwa umejikunjakunja kama tambi, kwa kufumuliwa miaka na miaka, hata mimi nikawa bibi.

"Alitaka kwenda kweli?" nikauliza.

"Sijui, mwanangu. Safari ya mwisho hakufumua. Alifuma mpaka akalazwa hospitali."

Nikavitazama vile vidole viwili vilivyobaki. Mtu wa kuvifuma nilikuwa mimi, na sindano ninayo. Badala yake nikauchomoa uzi, nikafumua mstari mmoja, kisha wa pili, mpaka begani. Hakuna aliyecheka. Sijui nilikuwa namzuia nani asiende, na mama tumeshamzika.