Mkanda Ndani ya Suti ya Bluu

Acha niseme mwenyewe, maana parokia yetu yote hapa Laeken, ughaibuni, inajua. Wauguzi walikuja ukumbini kuwapima wanaume wazee mshipa mkubwa wa tumboni, ule unaovimba kimya kimya hadi upasuke. Wenzangu wa Lubumbashi walisita. Niliwapigia simu mmoja mmoja, wakaja kumi na wanane, na wote walipimwa. Hilo najivunia hadi leo.

Lakini mhamasishaji hawezi kusimama na kitambi. Nilivaa suti ya bluu, na ndani yake mkanda wa mke wangu wa kubana tumbo. Nikapita mbele ya foleni na kiuno cha kijana. "Bapapa, muniangalie," nikawaambia wazee wenzangu. "Hakuna ya kuogopa."

Nyuma ya pazia, muuguzi akaniambia nifungue shati, kipimo kinapita juu ya tumbo. Hilo sikuwa nimelifikiria. Vibanio vya mkanda viligoma kufunguka, akaita msaada. Aliyekuja ni mke wangu, aliyekuwa akiwagawia wazee kahawa ukumbini, birika mkononi, pazia akaliacha wazi.

"Alors, Papa Célestin," akasema akiuonyesha mkanda kwa kidole, foleni yote ikisikia, "mukaba yangu kumbe iko hapa. Niko naitafuta tangu misa ya dimanche."