Binti yetu ana selimundu, na wa pili tulimsubiri kwa hofu

Wakuu, salamu kutoka Kibaoni, Ifakara. Hii siyo chai, siyo hadithi ya kutunga. Ni mambo ya nyumbani kwangu, na mke wangu ameniruhusu niyaandike.

Mimi ni fundi pikipiki. Mama Neema, mke wangu, kwao ni Namawala, wakulima wa mpunga.

Neema, binti yetu wa kwanza, alianza kuvimba vidole kabla hajajua kutembea. Ukimgusa tu, analia. Hospitali wakampima, wakasema ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell).

Maneno yakaanza. Shangazi yangu akadai ugonjwa umetoka kwenye ukoo wa mke.

Daktari akatupima wote wawili. Kila mmoja wetu ana kinasaba kimoja cha selimundu. Yaani sisi ni carriers, wabebaji, wazima kabisa, ila mtoto akirithi kwa baba na kwa mama pia, anaumwa.

Mimba ya pili ilipoingia nikawa najipa moyo. Tuliambiwa uwezekano wa mtoto kuumwa ni mmoja kati ya wanne. Nikaona huyo mmoja ameshapatikana, waliobaki wako salama.

Clinic nikamwuliza nesi, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Huyu si atakuwa salama, maana wa kwanza ameshachukua ile robo?"

"Marahaba. Hapana, baba Neema. Mimba haikumbuki mimba iliyopita. Kila mtoto anaanza upya."

Nikamwuliza tumemkosea nani.

"Hamjamkosea mtu," akasema. "Bonde hili lina malaria tangu enzi za mababu. Mwenye kinasaba kimoja, malaria haikummaliza kirahisi utotoni. Alikua, akazaa. Wasiokuwa nacho walizikwa wengi zaidi. Ndiyo maana kwetu kimejaa kuliko kule kwenye baridi. Wabebaji wawili kuoana huku si ajabu."

Akaongeza kwamba Neema, mwenye viwili, hana kinga hiyo. Malaria inaweza kumwondoa haraka. Asilale bila chandarua.

(Hiyo ndiyo allele frequency, wakuu, yaani wingi wa kinasaba fulani katika jamii. Shuleni niliikariri kwa ajili ya mtihani tu.)

Akazaliwa Baraka. Wakamtoa damu kisiginoni, tukaambiwa tusubiri majibu.

Mke wangu akawa anamkagua vidole kila akimwogesha, haniambii. Akitoka, nami nakagua, simwambii.

Katikati ya kusubiri, Neema akashikwa na maumivu ya miguu. Nilikuwa nimempakata njiani kwenda hospitali, akaniuliza, "Baba, na mdogo wangu ataumwa hivi?"

Nikamfunika miguu kwa kanga, nikamwambia tumekaribia kufika.

Majibu yakatoka. Baraka ni mbebaji tu, kama sisi. Mama Neema alikaa kwenye benchi akalia kimyakimya. Mimi nilifurahi, halafu nikamwona Neema anatuangalia.

Nilichojifunza: kabla ya ndoa pimeni damu, hasa kama nyote mmetoka sehemu zenye malaria. Na mtoto akiugua, msitafute mchawi kwenye ukoo wa mtu. Shangazi yangu naye ameshakubali kwamba kinasaba kile kingine kimetoka upande wetu.

Sasa Mama Neema anataka mtoto wa tatu. Anasema Mungu yupo. Mimi naogopa, na sijamwambia hapana.

Mliopita njia hii, mliamuaje? Karibuni, nasoma kila comment.