Cha Juu cha Anatoli

Katika mnada wa ng'ombe wa Bariadi kuna kanuni isiyoandikwa: mwenye ng'ombe akitaja bei, kinachozidi ni cha dalali. Hukiita cha juu, na hakuna anayekiona kuwa wizi. Katika hisa kanuni ni kinyume. Bei yote ya soko ni ya mteja. Dalali huchukua kamisheni yake, basi.

Anatoli Mayunga alizijua kanuni zote mbili. Alikuwa dalali wa mnadani miaka kumi na mitano, hadi mwaka 2001, mashirika ya umma yakibinafsishwa, kampuni moja ya udalali wa hisa ya Dar es Salaam ilipomfanya wakala wake. Alihudhuria semina ya siku tatu Mwanza, akarudi na fomu, muhuri na tai ya bluu.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Milembe, mjane wa Nkololo, aliyeuza ng'ombe wanne akanunua hisa elfu moja. Baada ya miaka miwili alirudi. Bintiye Minza alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu.

"Mwangaluka, mayu," Anatoli alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Unataka ngapi?"

"Laki tatu, za ada ya mwaka wa kwanza. Zitapatikana?"

"Zitapatikana."

Milembe akaweka dole gumba kwenye fomu ya kuuza hisa. Hisa zote ziliuzwa kwa laki sita. Kwa kuwa hakuwa na akaunti ya benki, fedha zilipitia kwa Anatoli, naye akampa laki tatu.

Mwezi uliofuata hati ya mauzo ikafika kupitia sanduku la posta la parokia. Felisita, katibu wa parokia, akamsomea. Milembe akaenda moja kwa moja kwa Anatoli.

"Zimeuzwa laki sita?"

"Ulitaja tatu, mayu. Nimekupa tatu."

"Nilikutajia shida yangu. Sikukutajia bei."

"Mnadani ungenishukuru."

"Mnadani namwona mnunuzi kwa macho yangu. Huku macho yangu yalikuwa wewe. Na hiyo tai umefungwa ya nini? Hata ng'ombe hufungwa kamba asiingie shamba la watu."

Laki tatu zilizobaki zilikuwa zimeshakuwa bati juu ya nyumba ya Anatoli. Wapo wanaosema mazoea yalimponza. Siukubali utetezi huo. Siku tatu alikaa kwenye semina, akazielewa kanuni za hisa, akazisaini.

Kampuni ilipopata habari ilimnyang'anya muhuri. Minza alisoma mwaka mmoja, ada ya mwaka wa pili ikakosekana, akarudi Nkololo kupalilia pamba. Hakupata kuwa mwalimu.