Motoka ya Nyota Moja

Kwa miaka sita Léocadie alileta mjini Kasongo motoka ndogo zilizotumika, akizipitisha kutoka Kalemie kwa barabara ya Kabambare. Hazikuwa nyingi, tatu au nne kila kiangazi, lakini kila iliyofika ilikuwa imeshapata mwenyewe. Basi Pacifique, muuguzi wa kijiji cha Wamaza aliyeagiza motoka nyeupe, alipoizunguka mara mbili bila kuigusa, mama huyo alijua kuna jambo.

"Mama Léocadie, usikasirike," Pacifique alisema, akampa simu. "Angalia mwenyewe."

Katika video, wataalamu walivurumisha motoka ya namna ileile ukutani. Pua yake ilikunjamana. Sanamu la mtu lililoketi mbele liligonga kichwa kwenye usukani. Kisha zikatokea nyota tano za kupimia usalama: moja iling'aa, nne zilikuwa tupu.

"Na pikipiki unayopanda iko na nyota ngapi?" Léocadie aliuliza kwa ukali. "Kwa barabara zetu, nani anakimbia hivyo?"

"Pikipiki haikuniahidi kitu, mama. Hii nilitaka kubebea wamama wenye mimba."

Akaenda zake. Video ikapita simu kwa simu, na kabla ya Jumapili soko zima lilikuwa likisema "nyota moja" na kucheka. Wateja wawili wakaacha kupokea simu za Léocadie. Aliwaona watu wakipita watatu juu ya pikipiki moja, bila kofia, akaumia moyo: ameshindwa na kitu kisichozidi chake kwa usalama.

Hata hivyo, lile sanamu halikumtoka akilini. Alimwita Mahamudu, fundi wake, aufungue usukani wa ile nyeupe, auone mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga dereva. Mahamudu akabandua kifuniko. Ndani, badala ya mfuko, mlikuwa mmeshindiliwa kitambaa kikuukuu.

"Ulijua?"

"Hapana, mama. Hakuna mutu aliniambia nifungue."

Ndipo Léocadie alipoelewa. Ile nyota moja walipewa waliotengeneza motoka mpya, iliyokuwa na kila kitu chake. Yake haikuwa na hata hiyo.

Mwaka uliotangulia alikuwa amemuuzia Kasimu, mwalimu wa kijiji cha Lusangi, motoka kama hiyo, tena kwa kuisifia. Asubuhi iliyofuata Mahamudu akampakia Léocadie kwenye pikipiki, wakaenda. Njia nzima alitafuta maneno ya kuanzia, asiyapate.

Kasimu aliwapokea kwa chai. Usukani ulipofunguliwa, ndani mlikuwa mtupu kabisa, na mikanda ya usalama ya viti vya nyuma ilikuwa imekatwa. Mwalimu akaketi kizingitini.

"Kila Ijumaa mimi nabeba watoto wanne humu."

"Nitaichukua, nikurudishie pesa zako zote," Léocadie alisema.

"Kisha utamuuzia nani?"

Basi motoka ikabaki kwa Kasimu. Walikubaliana Mahamudu atie mikanda mipya. Mfuko wa hewa haukupatikana popote.

Tangu siku hiyo, kila motoka inafunguliwa mbele ya mnunuzi, na Léocadie mwenyewe anataja kilichokosekana. Wengi husikiliza nusu, wakaondoka. Kiangazi hicho aliuza moja tu, kwa Aziza, mchuuzi wa mawese, aliyesikiliza kasoro zote hadi mwisho, akajaribu breki mara tatu, akasema, "Sawa, nitaenda polepole." Léocadie alisimama barabarani mpaka mlio wa injini ukapotea, asijue kama amemsaidia mwenzake, au amemkabidhi tu hatari anayoijua.