Silinda za Jacinta na kombe la mwenyekiti

Saa mbili asubuhi, na tayari Jacinta Awuor amepandisha sauti. Mbele ya karakana yake ya mabati pale Nyamasaria, dereva mmoja aitwaye Ondiek amesimama na kabureta iliyofungwa kwa gazeti, na hajui aiweke wapi.

"Mimi nimetumwa tu, Mama," anasema Ondiek. "Mwenyekiti anasema uiangalie. Inamwaga petroli."

"Nimeiangalia. Sasa irudishe kwa gari."

"Amesema atalipa vile unataka."

"Si mambo ya pesa, omera. Mwambie pikipiki yake ni orijino, haijawahi kuguswa na fundi wa Nyamasaria. Si ndivyo aliandika? Basi aipeleke Italia kwa wenye waliitengeneza."

Ondiek anarudi garini. Vijana watatu wa boda boda wanaosubiri kutengenezewa wanatazama chini. Jacinta anaokota spana na kuinamia injini aliyokuwa akiifunga. Nati inamponyoka mara mbili.

"Ona sasa," anasema, hamwambii mtu yeyote. "Mpaka nati."

Jacinta, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, anaishi kwa kutengeneza boda boda. Siku nzuri humwachia shilingi elfu moja na mia tano. Siku ya mvua humwachia matope. Lakini watu kutoka Kakamega hadi Migori wamekuwa wakimjia kwa sababu ya pikipiki moja iliyoegeshwa ndani kabisa ya karakana hiyo, chini ya shuka safi kuliko nguo zote anazovaa kazini.

Ni Moto Guzzi ya mwaka 1971. Tangi lake ni jeupe, na silinda zake mbili zimechomoza kulia na kushoto kama mtu aliyetanua viwiko ili asisukumwe. Haina cheni. Gurudumu la nyuma linazungushwa na fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya bomba, na kila anayeiona kwa mara ya kwanza huinama kutafuta cheni iko wapi.

Ilikuwa ya baba yake, Mzee Oduor, dereva wa mhandisi mmoja Mwitaliano aliyekuwa akichimba visima upande wa Nyakach. Mhandisi alipofunga virago mwaka 1983, alimwachia Oduor pikipiki hiyo kama zawadi. Mzee aliiendesha mpaka injini ikakwama, akaisukuma hadi jikoni kwake Rabuor, na huko ikakaa na kuku.

Alipofariki mwaka 2010, kaka zake Jacinta walimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mizani ilikuwa imeshafika uani. Jacinta alichukua spana, akafungua gurudumu la mbele, akaliweka begani na kuondoka nalo.

"Niliwaambia, haya, uzeni pikipiki ya gurudumu moja," anasema. "Mnunuzi akacheka, akaenda zake. Kaka zangu hawakuniongelesha mwaka mzima."

Ilimchukua miaka tisa kuifufua. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa silinda. Kromu ya ndani ilikuwa imebanduka kwa kutu, na jozi nyingine kutoka ng'ambo, pamoja na usafiri na ushuru, ingegharimu karibu shilingi laki mbili. Alipiga hesabu mara moja tu, akaichana karatasi.

Ndipo akaenda Obunga kwa Mzee Wepukhulu, fundi mkerezaji aliyefanya kazi karakana za reli ujanani. Wawili hao walinunua injini ya lori lililokufa, wakatoa slivu zake, yaani yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Wakazikereza taratibu mpaka zikaweza kuingia ndani ya silinda za Guzzi bila kuacha hata upenyo wa unywele.

"Tuliharibu tatu," anakumbuka Mzee Wepukhulu. "Mimi nilikuwa nimechoka. Huyu mama akaniambia, Mzee, kaa chini, nitashika mashine mwenyewe. Sijaona fundi mwenye mkono kama ule, na nimeona wengi."

Siku ilipowaka mara ya kwanza, mwaka 2019, majirani walitoka na ndoo za mahindi. Walidhani ni mashine ya kusaga unga.

Picha yake akiwa juu ya pikipiki hiyo ilisambaa, na Klabu ya Pikipiki za Kale ya Nyanza ikamtafuta. Wanachama wake ni madaktari, mawakili na wakandarasi. Walimpokea kwa mikono miwili, wakampa jina la Mama Guzzi, kisha wakaanza kumletea pikipiki zao. Ametengeneza kumi na moja.

Mojawapo ni ya mwenyekiti wa klabu, mkandarasi Sam Waliaula: Guzzi ya aina ileile, yenye ugonjwa uleule wa silinda. Miaka miwili iliyopita Jacinta aliivalisha slivu zilizobaki kutoka kwa injini ileile ya lori.

"Alikuwa hapa siku nzima," anasema, akionyesha kigoda kwa spana. "Stima ilipotea, akanishikia taa ya simu. Aliona kila kitu. Tulikula samaki pamoja hapa."

Machi mwaka huu, klabu ilifanya mashindano yake ya kila mwaka katika bustani ya hoteli moja mjini. Fomu ilikuwa na swali: ni sehemu gani za injini zimebadilishwa? Jacinta aliandika ukweli wote, hadi aina ya lori.

Jaji, Bilha Wangechi kutoka Nairobi, aliisoma fomu hiyo mbele ya pikipiki, akaizunguka mara mbili, akasema injini yake ilikuwa safi kuliko zote alizoziona siku hiyo. Kisha akaiondoa mashindanoni. Kanuni haziruhusu silinda zisizo za kiwandani.

"Hiyo nilikubali," anasema Jacinta. "Kanuni ni kanuni. Nilikaa nikapiga makofi kama wengine."

Halafu kombe likatolewa kwa mwenyekiti. Fomu yake ilisema injini nzima ni orijino. Waliaula alishika maikrofoni, akashukuru, akaongeza kwamba klabu lazima ilinde heshima ya mashine hizi, kwa hivyo mambo ya jua kali, ya mafundi wa vibanda vya mabati, hayana nafasi hapo.

Jacinta alisimama. Wanaomfahamu wanasema hawakuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo. Alitoa mfukoni kijiti chenye sumaku nchani, kile mafundi hutumia kuokotea nati zilizoanguka ndani ya injini, akaenda kwenye pikipiki yake, akafungua plagi na kukiingiza. Kikanata kwa kishindo kidogo.

"Silinda ya kiwandani ni aluminiamu na kromu, sumaku haishiki!" aliwaambia watu. "Yangu inashika, kwa sababu nimeweka chuma na nimesema. Sasa, jaji, njoo tufungue plagi ya mwenyekiti."

"Mama Jacinta, tusiharibu siku," alisema Waliaula.

"Siku imeharibiwa na nani? Fungua plagi, Bwana. Ni dakika moja."

Mwenyekiti hakufungua. Alichukua turubai, akaifunika pikipiki yake mbele ya umati wote, akabaki amesimama na kombe kwapani. Hakuna aliyecheka. Jaji alitazama karatasi zake, akasema muda wa kukagua ulikuwa umekwisha.

Kabla Jacinta hajafika nyumbani, alikuwa ameondolewa kwenye kundi la WhatsApp la klabu.

Alipopigiwa simu kuhusu tukio hilo, Waliaula alisema Jacinta ni fundi mzuri anayeheshimiwa, ila klabu ina taratibu zake. Alipoulizwa ndani ya silinda zake kuna nini, alisema yuko mkutanoni, akakata. Wangechi alijibu kwa maneno machache: "Nilihukumu karatasi nilizopewa. Ningekuwa na ujasiri wa yule mama, ningefungua plagi."

Jacinta anasema kombe lenyewe angelitumia kuwekea misumari. Kinachomchoma ni kingine.

"Pikipiki zao zinatembea kwa mikono yangu. Wakiwa hapa mimi ni Mama Guzzi. Wakiwa na maikrofoni mimi ni jua kali. Na wote kumi na moja walikuwa pale! Walijua. Ni Lornah peke yake alisimama."

Lornah Nabututu ni muuguzi wa Homa Bay mwenye skuta ya Kiitaliano ya mwaka 1967. Alijiuzulu uanachama siku hiyohiyo, akamfuata Jacinta hadi Nyamasaria, na kabla ya chai kupoa walikuwa wameshaanza kupanga mashindano yao wenyewe.

Yatafanyika Agosti pale Dunga, ufukweni, na kiingilio ni bure. Kuna sharti moja ambalo klabu haikuwahi kulifikiria: kila fomu itaje jina la fundi, na fundi mwenyewe asimame kando ya pikipiki wakati wa kuhukumiwa. Jacinta anatumaini pia kwamba, wakipatikana wateja wapya wa kutosha, atanunua mashine yake ya kukerezea badala ya kukodi ya Obunga siku mbili kwa wiki.

Watu kumi na saba wamejiandikisha. Wanne wametoka klabuni. Mmoja wao, daktari, ameandika kwa herufi kubwa: "Injini: Jacinta Awuor, Nyamasaria." Jacinta anaisoma fomu hiyo bila kutabasamu, anairudisha kwenye faili.

Lornah alitaka mwenyekiti apigwe marufuku. Jacinta alikataa katakata.

"Aje," anasema, akipangusa oili mikononi. "Fomu yake nimeshaiweka kando. Ile nafasi ya jina la fundi nimemwachia kubwa."