Mbigili za Njia ya Zuzu

Nakumbuka asubuhi moja baada ya mvua, mwanangu, tukitoka kijijini Zuzu kuleta maziwa mjini kwa baiskeli, madumu yakigongana nyuma yetu, na mzee mmoja kati yetu akafunga gunia kuukuu kwa kamba nyuma ya baiskeli yake. Nakusimulia kwa sababu jana ulikuja hapa na ramani yako ya njia za baiskeli za mji huu, ukaitandaza mezani, ukasema umechoka na kazi ya mipango miji. Nami nimechoka. Magoti haya hayapandi tena baiskeli. Lakini kaa, nikwambie uchovu wetu ulivyokuwa.

Kando ya barabara ile palikuwa na mchanga, na kwenye mchanga palikuwa na mbigili. Unazijua, ulizikanyaga utotoni ukalia: vimiba vikavu vyenye pembe, vinavyotoboa tairi kama misumari. Ukipita kando unapata pancha, na maziwa yanachachuka juani huku ukiziba. Ukipita kwenye lami, malori yanakupumulia kisogoni. Wengi tulichagua lami. Rafiki yangu Elia naye alichagua lami, na lori likamsukumia mtaroni na kumponda mguu. Dereva hakusimama.

Baada ya hapo tulikwenda ofisi ya barabara kuomba njia ya baiskeli, tukazungushwa, tukaenda tena, mpaka wakaleta greda. Wakatukatia njia yetu kando ya barabara, ya udongo ulioshindiliwa vizuri. Siku ile tulipiga kengele za baiskeli kama watu wa harusi. Kisha mvua zikaja, na mbigili zikatambaa juu ya njia mpya kana kwamba ilichongwa kwa ajili yao. Tukarudi kwenye lami mmoja mmoja, bila kuambiana.

Bwana mmoja wa ofisini akapita, akaiona njia tupu. Alishuka garini akatuambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma: "Mliomba njia, mmepewa, hamuitumii. Ikiendelea hivi tutawapa wenye malori waegeshe."

Ndipo Mzee Yona, mkubwa wetu sisi wauza maziwa, akaja na lile gunia. Alililowesha likawa zito, akalikokota kwa baiskeli juu ya njia taratibu, na mbigili zikanasa kwenye nyuzi zake. Likijaa, alishuka na kulikung'uta mbali. Vijana waliokuwa kwenye lami wakapata la kucheka.

"Mzee Yona! Huyo ndama wako amekonda hivyo, atafika mnadani kweli?"

"Atafika. Huyu hali majani, anakula miba."

"Utamuuza kwa nani sasa?"

"Nitampa mkeo, maana wewe unavyocheza na malori, hatakuwa na mtu wa kumtunza."

Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilimsogelea nikamwamkia, kisha nikamwambia yaliyokuwa moyoni: kufagia barabara ni kazi ya ofisi. Tumeipigania njia, tumeipata, na bado tuifagie sisi? Nikasema nimechoka.

"Elia yuko wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani. Kitandani."

"Basi mwache Elia ndiye aseme amechoka. Kazi ni ya ofisi, hujakosea, na tutaendelea kwenda kuwaambia mpaka wakituona watoke kwa mlango wa nyuma. Lakini njia ikibaki tupu malori yatalala hapa, na wewe utapita palepale alipoangukia mwenzako. Shika kamba."

Nilishika kamba kwa hasira. Tukawa tunapokezana kila alfajiri, na hata wale wacheshi wakaingia zamu, wakigombania nani amchunge ndama. Yule bwana alipopita tena, alikuta msururu wa baiskeli juu ya njia: sisi na madumu yetu, akina mama na kuni zao, wanafunzi wawili wawili kwenye baiskeli moja. Alipita zake. Malori hayakuja. Miaka yote ambayo njia ile ilidumu, hatukumbeba tena mwenzetu kutoka mtaroni.

Lakini nisikudanganye. Baadaye barabara ilipanuliwa ikaimeza njia yetu, na hakuna aliyetuuliza. Mzee Yona alikuwa ameshazikwa. Nilishukuru kwamba hakuona.

Kesho una kikao. Watakwambia njia uliyochora ya kwanza, iliyokwisha kujengwa, imejaa pikipiki zilizoegeshwa na malundo ya kokoto, kwamba wenye baiskeli hawaonekani humo, na afadhali ipewe magari. Usiwatukane, na usiwakubalie. Waulize ni kitu gani kinamfanya mtu aache njia salama akajitie katikati ya magari. Ili ulijue jibu kabla yao, ipite kwanza wewe mwenyewe kwa baiskeli, saa watu wanapokwenda kazini, uone ni wapi inakutema katikati ya magari. Kwenye mpango wako, pale ulipoandika nani atajenga zilizobaki, andika pia nani atafagia na nani ataondoa gari lililoziba. Njia isiyo na mtunzaji watakuja kuifanya ushahidi dhidi ya walioiomba. Wakishakata utepe na kupiga picha, wewe rudi wiki inayofuata, na inayofuata tena, wakati hakuna anayepiga makofi.

Utachoka. Choka, mwanangu, si dhambi. Ila usikate tamaa kwa niaba ya watu ambao kesho asubuhi bado watakuwa barabarani.

Mungu akutangulie kikaoni, akupe sauti isiyotetemeka, na kila atakayepita kwenye mistari ya ramani yako afike kwake mzima. Na wakikushinda, usiende kulia peke yako. Pita hapa, utakuta mlenda jikoni.