Vita vya Dijon Mezani pa Dorotea

Kila Januari, Mwalimu Elinaza alipigana vita vya Dijon juu ya meza ya chakula, katika ghorofa yao ya Weston, huko ughaibuni. Aliwahi kusomea historia katika mji huo wa Ufaransa, na hakuna mgeni aliyetoka kwake bila kuujua. Maharage yalikuwa Waprusi, wavamizi wa Kijerumani; karanga zilikuwa watu wa Garibaldi, jenerali wa Kiitaliano aliyewapigania Wafaransa. Oktoba 1870 maharage yaliuteka mji. Novemba karanga zilijaribu kuunyakua, zikatimuliwa. Baadaye Waprusi waliondoka wenyewe, Garibaldi akaingia, na waliporudi Januari akawazuia siku tatu.

"Mwalimu, jeshi lako linakwisha," Nasrudin, rafiki yake tangu Dodoma, alikuwa akimtania huku akitafuna karanga pamoja na Cyprian, mgeni mwenzake.

"Si wewe unayelila, msaliti!"

Dorotea, mkewe, mwalimu mkuu mstaafu, aliwasikia akiwa jikoni, akipakua pilau.

Mwalimu alifariki mwaka 2011. Januari iliyofuata Dorotea alipika, akatandika meza, akamwaga maharage na karanga. Hakumpigia mtu simu. Kwao Usangi nyumba iliyofiwa haialiki. Watu huja wenyewe. Kuwaita aliona ni kuomba, na katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuomba.

Saa nane pilau ilikuwa ya moto. Saa kumi aliirudisha jikoni. Kila lifti iliposimama alikiweka sawa kitenge chake. Akajaribu kupanga majeshi, lakini hakujua Waprusi walitokea upande gani. Miaka yote alivisikia vita hivyo. Hakuwahi kuketi akavitazama.

Simu ikalia.

"Shemeji, habari za leo? Si ndiyo siku ya Dijon?" Alikuwa Nasrudin.

"Ndiyo yenyewe."

"Uko peke yako?"

Dorotea alivitazama viti. Haitasemwa kwamba nyumba ya Mwalimu imeachwa.

"Peke yangu vipi? Wageni wamejaa, hata pa kukaa hakuna."

Nasrudin akacheka kidogo.

"Afadhali. Niko hapa na Cyprian, viatu tumevaa tangu mchana. Tuliogopa kukuvamia na msiba wako, na huku watu hualikana. Tukasema tungoje utuite. Basi, wasalimie wageni, shemeji."

Neno "njooni" lilimfikia Dorotea mdomoni. Akalimeza.

"Zimefika," alisema.

Kabla simu haijakatika alimsikia Cyprian akiuliza, "Vipi, twende?"

"Hapana," Nasrudin akamjibu. "Ana watu."